Formasio ya kujenga kwa mbao pale Ndosho: nilitoa dola 50, haya njo niliyoyaona

Naandika hii juu kila wiki mtu ananiuliza kama ile formasio (mafunzo) ya mafundi wa mbao pale Ndosho, hapa Goma, ni ya kweli ao ni ya kula pesa ya watu. Nimeimaliza mwezi uliopita, nililipa dola 50 za mfuko wangu, hakuna mtu amenituma, basi nitasema kizuri nitasema na kibaya.

Mjue kwanza natoka wapi mu hii kazi. Niko fundi wa nyumba za mbao, miaka 11 sasa, nimejenga Mabanga, nimejenga Katoyi, nimefika mpaka Mugunga, ni hizi nyumba zetu za Goma kila mtu anazijua: mawe ya volkano chini, sababu huwezi kuchimba msingi mu ule mwamba bila kuvunja mgongo, shevron (zile mbao nene za kusimamisha nyumba na paa) ku pembe nne, shevron zingine katikati, mbao zinapigiliwa inje, manjanja (mabati) juu, na mwenye nyumba analala ndani wiki ile ile. Nilijifunza kwa mjomba, mjomba alijifunza kwa mwingine. Hakuna mtu alishawahi kutuambia kwa nini shevron inasimama hapa na haisimami pale, unaambiwa tu piga hapo, na unapiga.

Masomo ni wiki tatu, Jumatatu mpaka Jumamosi, saa mbili ya asubuhi mpaka saa saba, wanakubali ulipe ile pesa kwa awamu mbili. Tulikuwa watu 16, wanawake wanne ndani, mu kiwanja kimoja cha mawe chenye paa la manjanja na meza tatu za kazi. Anayefundisha ni mzee, amejenga makanisa na mashule ya mbao kule Masisi na Walikale kabla wengi wetu hatujashika nyundo, sisi wote tulikuwa tunamuita Papa. Na huyu Papa amejenga somo lake lote juu ya maisha ya mafundi wa zamani waliokwenda kujenga magharibi ya Marekani mu miaka ya 1800, wale waliofika na mikokoteni na ng'ombe kabla ya reli. Siku ya kwanza nilikasirika kabisa. Nilisema moyoni, nimetoa dola 50 nijifunze kuunga shevron vizuri, siyo nisikilize hadithi za wazungu na ng'ombe wao. Siku ya tatu nilinunua kaye ya kuandikia.

Sababu yake aliieleza asubuhi ile ya kwanza, na mpaka leo sijaona kosa ndani. Wale watu, alisema, walikuwa na shida zenu: msumari ghali, barabara mbaya, mti uko mbali ao uko mbichi, pesa hakuna, mvua inakuja, na bibi na watoto wanataka pa kulala leo, siyo mwaka ujao. Tena hawakuwa mafundi wote, wengi walikuwa wakulima tu na ilibidi kila mmoja awe fundi kwa nguvu, njo maana kazi yao inafundishika, juu ilitoka ku mikono ya watu waliokosa vitu. Akisema "waliokosa vitu" anakuangalia machoni.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya udongo na mimi sikupata kitu kikubwa cha kutumia. Kule Nebraska, Kansas na Dakota ni tambarare ya majani, miti iko tu kando ya mito, kwa hiyo mjenzi alikata ardhi yenyewe. Kuko jembe la kukokotwa na ng'ombe linalokata majani pamoja na mizizi yake, unatoa vipande vya urefu wa sentimita 90 hivi, upana 30, unene 10, kipande kimoja kinapita kilo 20, unavipanga kama matofali, upande wa majani unaangalia chini, na ukuta unatoka na unene wa sentimita 60. Wanakata tu vya kutosha kazi ya siku ile, kikilala kikakauka kinavunjika. Nyumba ya mita 5 kwa 6 inamaliza karibu nusu hekta ya majani. Ndani kunakuwa baridi wakati wa jua na joto wakati wa theluji, lakini paa nalo ni udongo, mvua ikinyesha siku moja inje, ndani inadondoka siku tatu, nyoka na panya wanaanguka, akina mama walifunga kitambaa chini ya dari ili mchanga usiingie mu chungu. Papa alituonyesha foto za Solomon Butcher, mtu aliyezunguka Custer County kule Nebraska kuanzia 1886 akipiga picha familia mbele ya nyumba zao za udongo, na hizo foto zimebaki kichwani mwangu: watu wamevaa nguo za ibada, wametoa viti inje, farasi wamesimama pembeni, na wanaangalia kamera bila haya yoyote. Nimejengea watu vyumba vya shitingi za plastiki na mbao za masanduku, ile sura ya mtu aliyesimama mbele ya mlango wake naijua.

Lakini kwetu ile namna haifai. Goma udongo wenyewe unaletwa kwa gari. Papa angeweza kumaliza hilo kwa siku mbili, akatumia sita.

Hapo hapo kuko kitu kilinisumbua na lazima nikiseme. Papa alieleza sheria ya ardhi ambayo Lincoln, rais wa Marekani, aliisaini tarehe 20 mwezi wa tano 1862: mtu wa miaka 21 ao kiongozi wa familia anapewa ekari 160, karibu hekta 65, analipa tu pesa ya karatasi, dola 18 zote pamoja, na sharti ni ajenge nyumba, alime, akae miaka mitano. Hata mwanamke asiye na bwana aliruhusiwa, na wajane wengi walichukua. Ile sheria njo iliyotengeneza wajenzi, juu bila nyumba hupati hati. Papa alisema walikuta ardhi tupu. Mama mmoja mjane wa Kyeshero, aliyekuja kujifunza ili ajenge mwenyewe ku parseli (kiwanja) yake, aliinua mkono akauliza, "Papa, na mbele yao hapo palikuwa nani?" Akajibiwa haraka kwamba kulikuwa Wahindi Wekundu, wakaondolewa, tuendelee.

Mimi sikuendelea. Jioni nilitafuta mu telefone. Kule Nebraska walikuwa Wapawnee, na Wapawnee walikuwa wajenzi: nguzo kubwa za magogo katikati, miti mingine imeegemezwa kwa kuzunguka, majani juu yake, udongo juu ya yote, nyumba ya mviringo inayoingiza familia nyingi, na tundu la moshi juu. Walijenga hivyo muda mrefu mbele ya mkulima wa kwanza kufika na jembe lake, na mu miaka ya 1870 walihamishwa mpaka eneo linaloitwa leo Oklahoma. Ukiniuliza mimi, somo la mjenzi wa kwanza wa ile nchi linaanzia hapo. Na sisi wa Kivu hatuna ruhusa ya kusikia neno "ardhi tupu" tukanyamaza, tumezika watu juu ya lile neno. Nilimpelekea Papa kesho yake, ninamshukuru juu alisikiliza, alikaa na telefone yangu mkononi dakika nyingi akiangalia vile nguzo zimepangwa, na akasema kundi linalofuata litaanza na ile nyumba. Nitafuatilia kama amefanya.

Wiki ya pili sasa. Hapa pesa yangu ilirudi yote.

Wiki ya pili ni magogo na vyombo vya mkono. Ile nyumba ya magogo yaliyolaliana ku pembe siyo kitu kilizaliwa Marekani, Waswidi na Wafini waliifikisha ku mto Delaware, koloni yao ilianza 1638, na toka hapo ikafuata watu wakielekea magharibi. Njia ya Oregon peke yake ni kilomita 3,200 na mkokoteni haubebi uzito wa kupenda, kwa hiyo fundi alichagua: shoka kwanza, shoka la bapa la kusawazisha gogo, tezo, kekee ya kuzungusha kwa mikono miwili, kisu cha mikono miwili cha kuparua, na chuma ya kupasulia mbao za paa. Vingine ni vichwa vya chuma tu, mpini unachonga ukifika. Papa anavyo vyote hivyo, vingine ni vya zamani kweli, vingine alimpa muhunzi avitengeneze kwa chuma ya ressori (springi) ya gari, na ile tezo ya ressori inakata kuliko chombo chochote nimeshika mu maisha yangu.

Alitufundisha kusawazisha gogo hivi: unapiga mstari kwa kamba yenye mkaa, sawa na sisi tunavyopiga kwa kamba na unga mweusi wa betri kavu, kisha unasimama juu ya gogo unakata alama kila sentimita 30 mpaka ufike ku mstari, ndipo unashuka na shoka la bapa unatoa vile vipande kimoja kimoja. Siku ya kwanza mikono ilitoka malengelenge. Siku ya nne nilitoa uso wa gogo ambao nikiweka ekeri, kile kipimo cha pembe, mwanga haupiti. Nakumbuka niliuangalia muda mrefu.

Lakini siri ya wiki ya pili, na mimi nasema ni siri juu miaka 11 hakuna mtu aliniambia, ni kazi ya mti mbichi. Kalitusi tunayonunua hapa inatoka imelowa, tunaipigilia misumari ikiwa inalia maji, baada ya miezi mitatu imejipinda, imepasuka ku ncha, msumari umelegea, mwenye nyumba anakuita na matusi. Wale mafundi wa zamani nao walijenga na mti mbichi juu hawakuwa na muda wa kungoja ukauke, lakini waliutumia ukavu kama msaidizi. Unachonga dume (ulimi ku ncha ya mti mmoja) na jike (shimo ku mti mwingine la kuupokea), unatoboa tundu la kigingi ku jike, halafu ku ulimi wa dume hutoboi sawasawa na lile tundu, unasogeza milimita mbili ao tatu kuelekea bega, pale ulimi unapoanzia. Ukipiga kigingi, kinalazimika kupita mu tundu ambazo hazikutani vizuri, kwa hiyo kinavuta dume ndani mpaka bega linabana. Na kigingi chenyewe kinakuwa kimekaushwa juu ya moto siku nyingi, mti unaokizunguka ni mbichi, mti ukikauka unapungua, unakikumbatia. Kadiri nyumba inavyozeeka, kiungo kinakazika. Mimi na kijana mmoja wa Birere tuliunga fremu ya mlango hivyo, Papa akatuambia tuisimamishe pembeni na kuipiga teke. Tuliipiga. Haikutingishika, na hakuna msumari hata mmoja ndani.

Kuko pia faida ya kwetu ambayo wale hawakuifikiria sana, ao labda waliifikiria. Goma mtu anahama na nyumba yake. Mwenye parseli akikuondoa unabomoa mbao zako unapakia ku chukudu, lile baiskeli letu la mbao la kusukuma mizigo, unaenda kujenga kwingine, na kila ukibomoa unapoteza mbao juu kung'oa msumari kunapasua ncha. Kigingi unakitoa kwa kukigonga toka nyuma. Mbao inabaki nzima. Mu karne ya 17 kule Virginia misumari ilikuwa na thamani mpaka watu walikuwa wanachoma nyumba zao wakihama ili waokote misumari mu majivu, serikali ikabidi iweke sheria ya kukataza. Nilipoisikia nilifikiria wale watoto wa Virunga hapa mjini wanaokaa na jiwe na nyundo wakinyoosha misumari iliyopinda waiuze tena.

Sasa habari ya ngozi, ambayo njo imefanya niandike hii yote.

Papa alitusimulia jengo moja la Salt Lake City, kule Utah. Wamormoni, watu wa dini moja ya kule Marekani, walifika mu lile bonde mwezi wa saba 1847, na mu miaka ya 1860 walitaka ukumbi wa ibada wa kuingiza maelfu ya watu bila nguzo katikati. Waliyempa paa alikuwa fundi wa madaraja kutoka Pennsylvania, anaitwa Henry Grow, na yeye alifanya kitu ambacho fundi wa madaraja angefanya: alitengeneza paa kama madaraja yaliyopindishwa, mbao zimepishana kama wavu, zinalala juu ya nguzo 44 za mawe zilizozunguka, zinavuka mita 45 za upana, na urefu wa jengo ni mita 76. Chuma kilikuwa haba na ghali, kila kilo ilisafiri kwa mikokoteni miezi mingi, reli ilifika Utah 1869 tu na lile jengo lilianza kutumika 1867. Kwa hiyo mbao ziliungwa kwa vigingi, vigingi vinapigwa kabari ku ncha, na palipotoka ufa wakafunga ngozi mbichi ya ng'ombe iliyolowa maji. Ngozi ikikauka inajikunja, inabana ule ufa kama mkono. Paa lile liko mpaka leo, watu wanaimba chini yake.

Watu wengine mu darasa hawakuamini. Mimi niliamini palepale, juu nimekulia karibu na watu wa ngoma. Mtu aliyeona ngoma ikiwambwa anajua ngozi mbichi iko na nguvu gani ikianza kukauka, wazee wanasema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapa ngozi yenyewe inajivuta bila mtu. Mambo yale yale yalikuwa mbele ya macho yetu siku zote na hakuna fundi wa mbao mu Goma aliyewaza kuyapeleka ku sharpanti, ile fremu ya paa.

Basi nilijaribu. Dada yangu mdogo ana jiko la mbao kule Majengo, shevron moja ya paa ilikuwa imepasuka ufa mrefu kama mkono wangu toka kiwiko, nilikuwa nataka kuibadilisha. Nilienda ku machinjio nikanunua kipande cha ngozi franka 5,000, nikakikata mikanda ya vidole vitatu, nikailaza mu maji usiku mzima, asubuhi nikazungusha nikivuta kwa mguu ku ukuta, nikafunga ncha kwa kigingi kidogo. Siku mbili harufu ilikuwa mbaya, dada alinisema, na panya walikuja kula ncha moja ikabidi nipake majivu na pilipili. Siku ya tano ile ngozi ilikuwa ngumu kama pembe. Ukiigonga inalia. Ufa ambao ulikuwa unaingiza ncha ya kisu, sasa hauingizi karatasi.

Mtasema tunafunga vitu vyote kwa mpira wa ndani wa pneu, hata chukudu tunazifunga nao, ngozi ya nini? Mpira unavutika, shevron ikisukuma mpira unakubali, ngozi ikishakauka haikubali tena. Lakini sikilizeni na ubaya wake: ngozi ikilowa inalegea, kwa hiyo ni kwa ndani tu, chini ya manjanja yasiyovuja. Ukiifunga inje mu mvua za Goma umefanya kazi ya bure. Papa alilisema hilo mara moja kwa haraka, angelisema mara kumi.

Wiki ya tatu ni nyumba yetu yenyewe, na hapo nilijifunza kwamba mimi miaka yote hii nimekuwa najenga kitu cha Chicago bila kujua. Mbele ya miaka ya 1830 nyumba ya mbao ilikuwa ya maboriti mazito, inataka fundi wa kweli wa kuchonga viungo na kundi la majirani wa kuinua kuta siku moja, kama salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya lazima, lakini bila mtu kukulazimisha, unaitwa na ukimaliza unalishwa. Kisha Chicago ikaanza kukua haraka kuliko mafundi waliokuwepo, mashine zikaanza kukata misumari na bei ikashuka, na watu wakabuni fremu ya vijiti vyembamba, sentimita 5 kwa 10, vinasimama kila sentimita 40, vimeshikwa na misumari tu. Kanisa moja dogo la Katoliki la 1833, lililojengwa na Augustine Taylor, linatajwa kati ya majengo ya kwanza ya namna hiyo. Wazee wa maboriti waliona ni nyepesi mno, na jina lililobaki juu yake ni la puto. Lakini watu wawili na nyundo walikuwa wanamaliza nyumba, na ile puto ikabebwa kwa treni mpaka kwenye tambarare zisizo na mti hata mmoja, mbao na misumari vimekatwa tayari.

Siri ya uimara wake ni ile nafasi ya 40. Sisi tunaweka shevron kila mita moja ao zaidi juu tunataka kuokoa pesa, halafu tunanunua shevron nene. Papa alitupigia hesabu ku tablo: vijiti vyembamba vingi vilivyokaribiana vinabeba zaidi ya vinene vichache, juu mbao za inje zinafanya kazi pamoja navyo, ukuta wote unakuwa kitu kimoja. Tulijenga kuta mbili za mfano na kuegemea watu sita. Ule wa mita moja ulilala kama mlevi.

Halafu moto. Hapa Papa aliongea polepole na mimi nataka kila fundi wa Goma na wa Bukavu asome hii sehemu hata kama ataacha zingine. Fremu ya puto ina vijiti vinavyopanda bila kukatika toka chini mpaka paa, hata nyumba ikiwa ya etaji (gorofa). Ukifunga mbao inje na tripleksi ndani, katikati ya kila vijiti viwili umetengeneza bomba la moshi. Moto ukiingia chini unapanda mpaka juu kabla mtu hajasikia harufu. Usiku wa tarehe 8 mwezi wa kumi 1871 Chicago ilishika moto, ilikuwa kiangazi kikali, nyumba za mbao, njia za miguu za mbao, upepo, ikawaka mpaka tarehe 10. Karibu watu 300 walikufa, nyumba zaidi ya 17,000 zikaisha, watu 100,000 wakabaki inje. Lawama wakamtwika mama mmoja mhamiaji na ng'ombe wake, na hakuna aliyewahi kuonyesha ushahidi.

Dawa ni rahisi mpaka inauma. Unakata vipande vya kijiti kile kile unavipigilia kwa kulala kati ya vile vilivyosimama, kimoja nusu ya ukuta, kingine pale sakafu ya juu inapokutana na ukuta. Bomba limezibwa. Baadaye Wamarekani wenyewe walibadilisha, wanajenga kila etaji peke yake juu ya sakafu yake. Nyumba moja ya vyumba viwili inataka labda shevron nne zaidi. Nimejenga nyumba tatu za etaji bila vile vipande, wateja wawili nimesharudi kwao kwa pesa yangu kuvitia, wa tatu amehama, namtafuta mwenye nyumba mpya. Na acheni kupaka vidanji, yale mafuta machafu ya injini, ku mbao za jikoni. Najua inazuia kuoza, lakini ni mafuta, na yatawaka.

Siku ya mwisho ilikuwa ya hadithi moja tu. James Marshall, fundi wa mbao kutoka New Jersey, alifika California 1845, akapewa kazi ya kujengea John Sutter kiwanda cha kupasua mbao kwa nguvu ya maji pale Coloma. Mfereji wa kutoa maji ulikuwa mfupi wa kina, gurudumu halizunguki vizuri, akauongeza kina, na asubuhi ya tarehe 24 mwezi wa kwanza 1848 akaona vipande vya dhahabu ndani ya ule mfereji. Dunia nzima ikakimbilia California. Wanisenan, wenyeji wa lile bonde, walifukuzwa na wengi wakauawa. Yeye Marshall hakutajirika, alirudia kazi ndogo ndogo za mikono, serikali ya jimbo ilimpa pesa ya kumsaidia miaka michache ikakata, akafa 1885 mu kibanda, maskini. Papa hakusema kitu baada ya hapo. Mu darasa letu kulikuwa vijana wawili waliokuwa wanapanga kwenda Rubaya, ku migodi ya koltan, baada ya formasio, na kila mtu aliangalia chini. Mmoja amekwenda. Mwingine anafanya kazi na mimi.

Sasa mabaya, nimalizie. Vyombo havitoshi: tezo mbili, shoka la bapa moja, kwa watu 16, unangoja zamu mpaka jua linakuchoma, na mara nyingi wanawake waliachwa mwisho mpaka yule mama wa Kyeshero akasimama akachukua tezo bila kuomba. Mvua ikinyesha kazi inasimama juu paa la kiwanja linavuja, na shule ya kujenga yenye paa linalovuja siyo kitu cha kuvumilia, Papa atengeneze. Sertifika ni karatasi tu yenye sinyatire, haitakusaidia kupata kazi ku mashirika. Na hawafundishi kabisa kupanga bei: mlango wa vigingi unachukua siku mbili badala ya nusu siku, nitamlipisha mteja kiasi gani? Hilo nimelitafuta mwenyewe, kwa sasa nafanya vigingi ku milango na fremu za madirisha na pembe nne, katikati natumia misumari, bei inapanda kidogo na wateja wanakubali nikiwaonyesha.

Kama uko mpya kabisa mu kazi, jifunze kwanza mwaka mmoja na fundi, vinginevyo wiki ya pili itakupita juu ya kichwa. Kama uko fundi tayari, toa ile dola 50. Mimi nawapa 4 juu ya 5, na ile moja wataipata wakinunua tezo zingine.

Njoo na chupa yako ya maji juu hapo hakuna, njoo na kaye ya kurasa nyingi, na vaa buti, mawe ya kile kiwanja yanakata kandambili siku ya kwanza.